Harufu Ndani ya Gari la Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Elieth alifuta vioo vya gari. Nyumba yao ilikuwa Buhembe, pembeni kidogo ya mji wa Bukoba, ambako ukungu hutanda juu ya migomba mpaka jua lipate nguvu. Alifuta kioo cha mbele kwa kitambaa chenye maji, kisha vioo vya pembeni. Mdogo wake Josia, aliyekuwa darasa la pili, aliruhusiwa kukaa kwenye usukani na kuwasha waipa. Baba yao, Nathanael, alipakia mikungu ya ndizi nyuma, akawapeleka watoto shuleni, halafu akaenda sokoni kuuza.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu na pana. Lilikuwa na viti vya mbele na vya kati, na nyuma kulikuwa na nafasi ya mizigo. Lilipanda milima ya Muleba likiwa limejaa ndizi na wala halikulalamika. Shida yake ilikuwa moja tu: lilikula mafuta kupita kiasi. Kila bei ya petroli ilipopanda, ugomvi ulianza nyumbani.

"Tunalima, tunauza, tunalilisha gari," mama yao, Magdalena, alisema jioni moja wakati wa chakula. "Liuze, baba Elieth. Tutafute dogo lisilokula mafuta hivi."

"Dogo litabeba ndizi zipi?" Baba aliuliza. "Na hili kwa uzee wake, nani atanipa bei ya maana? Tutakaa bila gari mwaka mzima."

"Basi tukae. Wenzetu wanapakia kwenye lori la ushirika."

"Fundi Kahangwa anasema linaweza kurekebishwa. Akilifanyia kazi yake, halitakula kama sasa."

"Kahangwa huyo anayefanyia kazi chini ya miti? Kwa nini usiende kwenye gereji inayoeleweka?"

Baba aliweka kijiko chini. Sauti zao zilianza kupanda, kama zilivyopanda juzi yake. Josia aliacha kula, akawa anamtazama dada yake. Elieth alichukia sana nyakati hizo. Bila kuulizwa na mtu, alisema, "Mama, lirekebishwe tu. Likishindikana ndipo liuzwe."

Mama alimtazama, akaendelea kula. Baba alitabasamu. "Umesikia? Hata mtoto anaona."

Fundi Kahangwa alifanya kazi yake siku moja tu. Alibadilisha plagi na chujio la hewa. Kisha aliingia chini ya gari na msumeno. Alieleza kwamba ndani ya bomba la moshi kuna kifaa ambacho mafundi hukiita masega, na kwamba kifaa hicho kikizeeka huibana injini ikashindwa kupumua. Alikikata, akakata na sehemu ndefu ya bomba iliyokuwa inafika nyuma kabisa. Sasa moshi ulitokea chini ya tumbo la gari, usawa wa viti vya kati. Gari lilianza kunguruma kwa sauti nzito, na Josia alifurahi akasema sasa linanguruma kama simba.

Na kweli mafuta yalipungua. Baba alirudi nyumbani akicheka, akamletea Mama samaki wa Kemondo. Ugomvi wa jioni ulikwisha. Watu walikula wakizungumza habari za kanisani na za shamba, na Elieth alijiona kama amesaidia kuirudisha amani ile.

Lakini asubuhi moja ya mvua, vioo vikiwa vimefungwa, alishuka shuleni kichwa kikimgonga. Alidhani ni njaa. Kesho yake ilikuwa vilevile, na safari hii alihisi harufu ya moshi imekaa kwenye sweta lake. Siku nyingine Josia alitapika mara tu aliposhuka. Walipoingia darasani na kukaa kidogo, wote wawili walipata nafuu.

Jioni Mama alimpima Josia joto la mwili kwa kiganja. "Hana homa. Alikula nini?"

"Miwa," Elieth alijibu haraka. "Alikula miwa mingi."

Josia alimkazia macho dada yake, kwa sababu hakuwa amekula muwa wowote. Baba alikuwa mlangoni, akavua viatu na kuuliza, "Huko nyuma mnakokaa mnasikia harufu ya moshi? Mimi dirisha langu halifungi vizuri, upepo unanipiga muda wote, siwezi kujua."

Elieth alimwona Mama akiinua uso. Alijua jibu la kweli lingeleta nini. Mama angesema alikwishaonya, Baba angejitetea, na sauti zingepanda tena mpaka majirani wasikie.

"Hatusikii kitu, Baba," alisema.

"Vizuri," Baba akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Muda mfupi baadaye Baba alipanga safari ya Kimwani, mbali kule wilayani Muleba, kumchukua mama yake mzazi. Bibi Kokwijuka alikuwa na mtoto wa jicho, na hospitali moja ya Bukoba ilikuwa imempangia siku ya kutibiwa. Elieth na Josia waliomba kwenda. Mama alibaki kuandaa chumba cha mgeni.

Bibi aliwapokea kwa furaha, akawapapasa nyuso kwa mikono yake kwa kuwa macho yalikuwa yamefifia. Asubuhi ya kuondoka, jirani yake Felicitas alileta uji na ndizi za kuchemsha ili wasisafiri na njaa. Mama huyo mjane ndiye aliyekuwa akimtekea Bibi maji na kumpikia tangu macho yalipoanza kumsumbua.

"Wakola, waitu," Bibi alimshukuru kwa Kihaya, akamshika mkono. "Nikirudi nitakuona vizuri uso wako."

Nyuma ya gari walijaza ndizi. Bibi alikaa kiti cha kati na Josia akamlalia mapajani. Elieth alikaa mbele na Baba. Walipopita Muleba mjini mvua ilianza kunyesha kwa nguvu, wakapandisha vioo vyote. Dirisha la Baba pekee lilibaki na uwazi juu, na matone yalikuwa yakimrukia begani.

"Kichwa kinaniuma, mwana wange," Bibi alisema kutoka nyuma. "Nasikia na kichefuchefu."

Elieth mwenyewe kichwa kilikuwa kizito. Harufu ile ilikuwa humo, aliijua sasa kama unavyoijua harufu ya jikoni kwenu. Aligeuka. "Ni mwendo wa gari, Bibi. Utazoea. Lala kidogo."

"Haya," Bibi akasema. "Nilale."

Baba alikuwa ameinamia usukani, akijitahidi kuona barabara kupitia mvua. Injini ilinguruma. Elieth aliegemeza kichwa kwenye kioo cha upande wake, upepo wa dirisha la Baba ukimfikia usoni, akasinzia na kuzinduka, akasinzia tena. Alipogeuka aliwaona Bibi na Josia wamelala, akafurahi kwamba wamepata usingizi.

Walipofika Kemondo, kando ya ziwa, Baba alisimamisha gari ili anunue samaki. Mvua ilikuwa imepungua. Elieth alishuka akiyumba, akavuta hewa ya ziwani, na macho yakaanza kuona vizuri. Alifungua mlango wa kati.

"Bibi, tumefika Kemondo."

Bibi hakujibu. Kichwa chake kilikuwa kimeangukia bega, mdomo wazi. Elieth alimtikisa, na mkono wa Bibi ukateleza kwenye kiti ukaning'inia. Josia naye, alipomvuta, alikuja mzima mzima kama nguo iliyolowa. Alikuwa anapumua, lakini macho yake yalikuwa yamegeuka.

Elieth alimwita Baba. Hakukumbuka baadaye alimwita kwa maneno gani. Alikumbuka wauza samaki wakikimbia, na mwanamume mmoja akimbeba Josia kifuani, na samaki wa Baba wakiwa wamemwagika kwenye tope.

Gari la mtu mwingine liliwapeleka hospitalini. Bibi Kokwijuka alikuwa amekwisha kufa. Josia alipelekwa wodini. Daktari aliyempokea, Daktari Jovita, aliuliza maswali mengi haraka haraka. Walikula nini? Wapi? Kuna dawa yoyote waliyotumia?

"Uji na ndizi, kwa jirani," Baba alijibu. "Mimi nilikunywa chai tu."

"Ndani ya gari kulikuwa na moshi?"

"Hapana. Niliwahi kuwauliza watoto, wakasema hakuna." Baba alimgeukia Elieth. "Si ndiyo?"

Elieth aliitikia kwa kichwa. Daktari alimtazama kidogo, kisha akaitwa wodini. Aliagiza Josia awekewe hewa ya oksijeni kumsaidia kupumua, na wauguzi wakaanza kushughulika na sumu ya chakula.

Habari zilifika Kimwani kabla ya maiti. Kwamba bibi na mjukuu wameanguka baada ya kula uji wa Felicitas. Kwamba baba mtu hakula, naye ni mzima. Elieth alikula kidogo tu, naye akapona. Hakuna aliyelisema waziwazi mbele ya wafiwa, lakini lilikuwa limekwisha kusemwa kila mahali.

Siku ya mazishi mchungaji wa Kilutheri aliongoza ibada katikati ya kibanja cha Bibi, chini ya migomba iliyozunguka nyumba yake. Baada ya hapo wanawake waligawa chakula. Felicitas alipita na sinia lake la ndizi, na kila alipofika watu walisema wameshiba. Alizunguka uwanja mzima. Mwisho aliliweka sinia chini karibu na jiko, akakaa peke yake, akajifunika kanga usoni. Alikuwa amempikia Bibi miaka mingi, na siku ya kumzika hakuna aliyekubali kuonja chakula chake.

Elieth aliona yote. Alijiambia atasema Josia akipona. Kisha akajiambia atamwambia Mama watakapofika nyumbani. Mama alikuwa hospitalini na Josia, naye Baba alikuwa amekaa mbali, akiwa hatazami mtu yeyote. Siku ikapita.

Kesho yake Lameki, kaka yake Baba, alifika na lile gari. Alikuwa amelifuata Kemondo ili lisaidie kurudisha ndugu makwao. Wingu zito lilikuwa limefunika milima na manyunyu yameanza. Wanawake waliingia na watoto wao. Mmoja alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, akamfungua akampakata kwenye kiti cha kati, palepale alipokaa Bibi.

"Fungeni vioo, mtoto asipigwe na mvua," Lameki alisema, akawasha injini.

Elieth alijikuta amesimama mbele ya gari, mikono yake miwili juu ya boneti.

"Baba mkubwa, zima. Washuke."

"Nini tena? Ondoka hapo."

"Washushe, tafadhali. Moshi unaingia ndani. Bibi hakuuawa na uji."

Lameki alizima injini. Baba alisogea polepole kutoka alipokuwa amekaa.

"Unasema nini, Elieth?"

"Unaingia tangu Kahangwa alipokata bomba," alisema, na sasa machozi yalikuwa yanashuka. "Tulikuwa tunaumwa kichwa kila siku. Josia hakula miwa, Baba. Uliniuliza, nikasema hatusikii kitu. Bibi aliniambia anaumwa, nikamwambia alale. Daktari naye aliuliza, nikaficha."

Baba hakumpiga. Aliwashusha wanawake mmoja mmoja. Akamwambia Lameki awashe tena injini na afunge vioo, yeye mwenyewe akapiga magoti kwenye kiti cha kati akang'oa zulia la sakafuni. Chini yake bati lilikuwa limeliwa na kutu, limetoboka matundu. Watu waliosogea mlangoni waliona moshi mwembamba ukipanda kupitia matundu hayo, kimya kimya, mahali penye miguu ya abiria.

"Zima," Baba alisema.

Alitoka, akasimama akishika mlango. Kisha alitembea mpaka jikoni alikokuwa Felicitas, akapiga magoti mbele yake, mtu mzima, huku watu wote wakitazama.

"Mama, tumekukosea," alisema. "Nilisikia wanachosema, nikanyamaza. Kilichomuua mama yangu ni gari langu."

Felicitas alilia kwa muda mrefu kabla ya kumwinua.

Lameki alimpigia simu Daktari Jovita palepale. Daktari alibadilisha matibabu ya Josia siku hiyohiyo. Baadaye, familia ilipokusanyika hospitalini, aliwaeleza bila kuwaficha. Ndani ya moshi wa injini mna hewa yenye sumu. Hewa hiyo yenyewe haina rangi wala harufu; harufu waliyoisikia ilitoka kwenye vitu vingine ndani ya moshi huohuo. Mtu akiivuta anaumwa kichwa, anachoka, anapata kichefuchefu, analala, na akilala humo anaweza asiamke.

"Oksijeni tuliyompa mwanzo imemwokoa," alisema. "Lakini ilikuwa kidogo kwa sumu ya aina hii, na tukapoteza muda tukitibu tumbo. Ningejua mapema, ningempa nyingi zaidi tangu saa ya kwanza. Sasa hatujui atarudi kwa kiasi gani."

Josia alirudi nyumbani, lakini si yule aliyewasha waipa akicheka. Alisahau majina ya rafiki zake. Kalamu ilimponyoka vidoleni. Mwalimu mkuu alishauri arudie darasa. Kila jioni Elieth alikaa naye mezani, akamshika mkono na kumwongoza kuandika herufi alizokwisha kuzijua zamani, na siku nyingine Josia alichoka akalia, na Elieth akasubiri mpaka anyamaze ndipo waanze tena.

Polisi walichukua maelezo ya kila mtu. Askari mkaguzi wa magari alilala chini ya lile gari akiwa na tochi, akatoka akitikisa kichwa. Alisema kupungua kwa mafuta kulitokana zaidi na plagi mpya na chujio safi, kazi ambayo fundi yeyote angeifanya bila kugusa bomba. Fundi Kahangwa alipoulizwa alisema tu, "Alitaka lipunguze mafuta, likapunguza." Yeye na Baba walifikishwa mahakamani, kila mmoja kwa kosa lake, na Baba hakujitetea.

Mtu mmoja alikuja Buhembe kutaka kulinunua gari jinsi lilivyo. Alisema hajali kilichotokea, ataliziba mwenyewe. Baba alikataa. Aliliuza kwa vipande, injini peke yake, matairi peke yake, na bodi ikakatwa na kupelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ndizi zake alianza kuzipakia kwenye lori la ushirika, kama Mama alivyoshauri tangu mwanzo. Watoto walikwenda shule kwa miguu, Elieth akimshika Josia mkono.

Likizo ilipofika, familia ilirudi Kimwani kusafisha kaburi. Felicitas alikuwa amekwisha kupalilia pembezoni mwake. Elieth aliposikia sauti yake alitaka kurudi nyuma, lakini Felicitas alimwita, akampa jembe dogo, wakapalilia pamoja.

"Mama," Elieth alisema hatimaye, bila kuinua uso, "kila siku naona ni mimi."

Felicitas aling'oa majani mengine, akayatupa pembeni.

"Sitakudanganya kwamba huna sehemu yako," alisema. "Unayo. Baba yako ana kubwa zaidi, maana gari ni la mtu mzima, na mtu mzima huinama akaangalia, haulizi mtoto akaridhika. Ninyi wote mlitaka nyumba itulie. Lakini nyumba iliyotulia kwa sababu watu wanaficha maumivu haijatulia, mwanangu. Inangoja." Alinyoosha mgongo. "Siku ile ulisimama mbele ya gari, mtoto mchanga wa mpwa wangu alikuwa ndani. Leo anatambaa. Kwa hiyo kuanzia sasa, ukiona kitu kinaumiza watu, sema siku hiyohiyo, hata kama watagombana. Ugomvi utakwisha, na watu watakuwepo kupatana."

Elieth aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Walimaliza upande wao, wakahamia upande wa pili wa kaburi, mahali ambapo majani yalikuwa marefu zaidi.